Mtoto na Lile Alipendalo



Darasa yetu ilipomalizika mwezi uliopita, na watu wamekwisha simama kutafuta viatu vyao, kililetwa kipande cha karatasi kutoka upande wa wanawake. Mama mmoja aliandika kwa kalamu ya risasi: Mtoto wangu apenda jambo nisilolijua, nimwachie au nimkataze? Wakati ulikuwa umekwisha, akaahidiwa jawabu katika ukurasa huu. Nami niliyepewa kazi ya kuliandika nakiri kwamba si mtu anayestahili sana, kwa sababu nitakayoitaja mbele.

Swali hili ni la tangu zamani, lakini kwa sisi tulio Kenya limezidi uzito. Chini ya mpango wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, mzazi aliweza kuahirisha. Mtoto alisoma yale wasomayo wenziwe, akavushwa na mtihani mmoja hadi mwingine, na mzazi akasema, tutaona akimaliza kidato cha nne. Mtaala mpya, ulioanzwa nchi nzima mwaka 2019, umeiondoa nafasi hiyo. Mtoto wa gredi ya 9, naye ana miaka kama 14 au 15, hutakiwa achague moja katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Na ndani ya kila njia mna vijia vyake. Kundi la kwanza lilichagua mwaka 2025 na likaingia gredi ya 10 Januari 2026. Basi jambo ambalo zamani mzazi alipewa miaka kumi na minane kulitambua, sasa yampasa alitambue kabla mtoto hajaota ndevu.

Mimi nililiona jambo hili kwa macho yangu Rongai. (Nasema Rongai ya Nakuru, iliyo kwenye reli iendayo Eldoret na Uganda, wala si Ongata Rongai ya karibu na Nairobi, ambako barua zetu mbili zimewahi kupotelea.) Huko yuko ndugu yangu wa ukoo, mtu wa Mji wa Kale Mombasa, aliyehamia bara kwa biashara na akafungua duka la vitambaa na vyombo. Ni nchi ya mahindi na mkonge, yenye baridi ya asubuhi asiyoizoea mtu wa pwani. Nilifika kwake mwaka 2025, katika siku zile za kuchagua, nikamkuta ana furaha: fomu ya binti yake amekwisha kuijaza. Amemwandikia sayansi tupu, kwa kuwa anamtaka awe daktari. Nikamuuliza, je, mwenyewe amesema nini? Akacheka. "Kaka, mtoto wa gredi ya tisa ana la kusema?"

Asubuhi yake nilitoka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kutawadha, nikasikia sauti: "Ami, usikanyage hapo." Chini ya miguu yangu palikuwa na matuta mawili madogo, yamepigwa uzi na kuwekewa vijiti, na mimea itambaayo imeanza kupanda. Yalikuwa maharagwe ya fiwi, ambayo Wakikuyu huyaita njahi na humpikia mama aliyejifungua. Binti alikuwa amechuchumaa pale na daftari la hesabu mkononi, amelichakaza kwa udongo. Tuta moja ni la mbegu nyeusi, jingine la mbegu za rangi ya hudhurungi. Ameandika siku aliyozipanda, siku zilipochipua, mvua ilinyesha lini, na mbegu gani imetangulia kutoa ua. Hakuna mwalimu aliyemwamuru.

Akanieleza jambo nisilolijua. Iko aina ya fiwi ambayo asili ya mbegu yake ni Rongai hii hii. Ilichukuliwa hadi Australia, na mwaka 1962 ikatolewa huko kwa wakulima kwa jina hilo hilo, Rongai. Ina maua meupe, nayo huchelewa sana kuyatoa. Iko nyingine iitwayo Highworth, asili yake kusini ya Uhindi, yenye maua ya zambarau na mbegu nyeusi, nayo hutangulia. Mtu asiyejua angeing'oa ile ya Rongai kwa kudhani ni tasa. Kumbe katika muda ule wa kuchelewa hujaza majani, na kwa ajili ya majani hayo wafugaji wakaitaka, maana ni chakula cha ng'ombe, na mizizi yake huurutubisha udongo. "Ami," akasema, "mtu akitaka mbegu ataiona mbaya, akitaka majani ataiona nzuri."

Nilipomsimulia baba yake, hakufurahi. Alisema maneno ambayo wengi wetu twayasema: "Sisi ni watu wa mji. Babu zetu walikuwa na mashamba, lakini jembe hawakulishika." Ni kweli hawakulishika, na sote twajua walioshikishwa ni nani na kwa hali gani. Fahari ya namna hiyo haifai kurithishwa mtoto, na ni bora tuiache kaburini pamoja na wenyewe.

Sasa turejee kwa wanavyuoni, kwani wapo wadhanio kwamba kumwangalia mtoto anapenda nini ni maneno ya Wazungu yaliyoletwa na mtaala mpya. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, alipoandika juu ya malezi alisema kwamba mlezi na aipime tabia ya mtoto kabla ya kumchagulia kazi, kwa kuwa si kila kazi aitamaniyo mtoto huiweza, bali huiweza ile inayolingana na maumbile yake. Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya mtoto tangu kuzaliwa, nacho ni Tuhfat al-Mawdud. Humo amtaka mlezi, baada ya kumfundisha mtoto yale yampasayo katika dini yake, atazame ameandaliwa kwa lipi. Akimwona ana fahamu njema na hifadhi madhubuti, hiyo ni dalili ya elimu. Akimwona moyo wake uko kwenye farasi na mishale, au macho yake yamefunguka katika kazi ya mikono iliyo halali, basi amwezeshe hiyo. Na aonya kwamba mtoto akilazimishwa asiloandaliwa, hatalifuzu, na lile aliloandaliwa litampita. Hasara ni mbili, si moja.

Na kabla ya hao, kipo kisa cha Abu Mahdhura. Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akirejea kutoka Hunayn, vijana wa Makka waliisikia adhana njiani wakaanza kuiigiza kwa mzaha. Mtume akaamuru waletwe. Wao walitazamia adhabu. Yeye alikuwa amesikia katika mzaha ule sauti moja nzuri, akataka kujua ni ya nani. Kila mmoja akaadhini, hata akapatikana mwenyewe. Akamfundisha adhana neno kwa neno, akampangusa kichwa, akampa mfuko wenye fedha kidogo, na kijana yule akawa mwadhini wa Makka. Sisi tungalisikia utovu wa adabu tu, na sauti ikapotea.

Mtu ataniambia hao ni watu wa zamani. Basi tutazame kwetu Mombasa. Marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, baba yake alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya, naye alitaraji mwanawe aende Al-Azhar awe mwanachuoni wa dini. Sheikh alifariki mwaka 1947. Kijana akafanya mtihani wa Cambridge akapata daraja ya tatu, na Makerere hawakumkubali. Akawa karani katika Chuo cha Mafunzo ya Waislamu cha Mombasa, ambacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku moja ya Maulidi alisimama kuhutubia, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Gavana Mitchell. Kutokana na hotuba ile mlango wa kwenda kusoma Uingereza ukafunguka. Akapata shahada ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa ikampa uprofesa. Kipaji chake cha kunena na kuandika kilikuwapo siku aliyopata daraja ya tatu. Kilikosa msikilizaji tu. Wala sioni kwamba matarajio ya baba yake yalipotea bure, maana mambo ya Uislamu na ya Afrika ndiyo aliyoyaandika maisha yake yote. Ila aliyafikia kwa njia yake.

Sasa, ewe mama uliyeuliza. Utajuaje kwamba alipendalo mtoto ni la kweli na si upepo wa siku mbili? Usimuulize atakuwa nani akikua. Atakujibu alilosikia kwa wenziwe, au lile adhanilo litakupendeza. Mtazame saa ambayo hakuna anayemwamuru. Tazama anarudia nini baada ya kushindwa, kwani mchezo ukimshinda mtoto huuacha, na analolipenda likimshinda hulia kisha akalirudia. Tazama kama anaivumilia sehemu yake isiyo na ladha. Wengi hupenda kupiga mpira. Wachache huamka alfajiri kukimbia peke yao. Yule binti wa Rongai hakuwa anapenda maua tu, alikuwa anahesabu siku.

Na uwape muda wa kutazamwa. Hapa nina neno kwa kina baba. Husemwa kwamba watoto wa kike hawana mapenzi ya jambo lolote. Lakini alasiri ya mtoto wa kiume ni yake, na ya dada yake imeliwa na vyombo, kufua na kumbeba mdogo wake. Ataonyesha lini alipendalo? Gawanyeni kazi za nyumba, kisha ndipo mhukumu.

Wengine watasema hawana fedha za haya. Mara nyingi hayataki fedha. Mtoto apendaye mbao na akae alasiri kwa fundi seremala, apendaye mitambo akae gereji, apendaye hesabu apelekwe kwa jirani afanyaye kazi ya uhasibu. Mafundi wetu wa majahazi na wa milango ya nakshi, Lamu na kwingineko, hawakupata ufundi wao kwa njia nyingine. Mtoto akikaa mwezi mmoja kwa fundi, ama mapenzi yatakomaa ama yatakufa, na yote mawili ni faida.

Hata hivyo sikusema mtoto aachiwe hatamu. Neno la Ibn Sina lina pande mbili, na upande wa pili ni kumwambia mtoto kweli. Mwenye sauti mbovu asidanganywe kwamba ana sauti. Naye apendaye jambo aambiwe lina mlango mgumu: mpenda udongo hana budi kujua kemia, na mchoraji wa majumba hana budi na hisabati. Mtoto atavumilia somo asilolipenda ikiwa ameoneshwa kwamba liko njiani kwendea alipendalo. Akiambiwa tu, soma kwa sababu nimesema, atasoma mpaka siku utakapogeuka.

Nilisema nitataja sababu ya kutostahili kwangu. Mwanangu mkubwa tangu mdogo alikuwa mtu wa mashine za boti. Alizifungua na kuzifunga tena huku nikimgombeza kwa sababu ya kanzu yake. Nilimtia katika uhasibu. Alisoma, akafaulu, anafanya kazi, ananiletea haki yangu kila mwezi. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini tokea hapo hajawahi kunihadithia habari ya kazi yake, nami sijui nimuulize nini.

Hayo ndiyo niliyomwambia ndugu yangu wa Rongai usiku ule, kwani kubishana naye juu ya jembe hakukufaa kitu. Alinyamaza. Kisha akamwita binti, akamwambia, "Lete hilo daftari." Akalisoma chini ya taa kama asomavyo daftari la madeni, kidole juu ya mstari, na kwa kuwa ni mfanyabiashara aliliona kosa upesi: "Hapa umeruka siku tatu. Kwa nini?" Binti akasema siku hizo alikuwa na homa, na hakutaka kuandika asichokiona. Baba akamtazama kwa muda, kisha akauliza kama masomo ya kilimo yana njia ya kufika chuo kikuu. Nikamwambia Egerton iko Njoro, mwendo mfupi kutoka dukani kwake, ilianza kama shule ya wakulima mwaka 1939 na ni chuo kikuu tangu 1987. Na kwamba kilimo kimo katika njia ile ile ya sayansi aliyoiandika, ila ni katika kijia cha sayansi za matumizi.

Januari iliyofuata alinipigia simu. Fomu walikuwa wameibadilisha kabla muda haujapita, na binti amekwisha ingia gredi ya 10. Shule ina kiwanja cha kulima lakini haina mbegu za fiwi, kwa hiyo amempelekea kilo mbili, za rangi zote mbili, kila moja katika mfuko wake. Akalalamika kwa kirefu juu ya nauli ya matatu aliyotozwa kwa mzigo mdogo kama ule.