SOMO LA KUJADILIANA: JE, UKAAJI UUZWE?



Tuseme tajiri wa mbali anataka kuingia chama chenu. Mikutano hahudhurii, jembe hashiki, lakini analeta pesa nyingi kwa mara moja. Mtamwandikisha?

Nchi ya Uhispania ilikubali jambo kama hilo mwaka wa 2013. Wakati huo ilikuwa na deni, watu wengi hawakuwa na kazi, na nyumba zilikosa wanunuzi. Basi serikali ikaweka sheria: mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya akinunua nyumba ya yuro 500,000 au zaidi, yeye na jamaa yake wanapewa kibali cha kukaa. Hata si lazima aishi huko.

Pesa ziliingia. Lakini baadaye, katika miji kama Madrid na Barcelona, wenyeji wengi walishindwa na kodi ya nyumba. Aprili 2024 Waziri Mkuu Pedro Sánchez alisema nyumba ni haki, si biashara ya ulanguzi. Mpango ukafungwa tarehe 3 Aprili 2025. Wengine walipinga, eti wageni hao ni wachache mno, dawa ni kujenga nyumba zaidi.

Fundisho: pesa ya haraka inasaidia, lakini kabla ya kuipokea tuulize, nani atailipia kesho?

Maswali:
1. Kwetu, uanachama hupatikana kwa pesa, kwa jasho, au kwa vyote viwili?
2. Mwenye hisa nyingi apewe kura ngapi?
3. Mgeni akinunua shamba kwa bei kubwa, jirani anapata nini, anapoteza nini?