Baba, Kamba na Banda la Kuku: Somo la Nazareti kwa Familia Zetu

Leo tunajifunza kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa: ukimya ulioingia kati yetu na wazazi wetu, na namna kazi ya mikono inavyoweza kuuondoa pale ambapo maneno yameshindwa. Kama una Biblia karibu, soma kwanza Luka 2:51-52 na Yohane 5:19-20, halafu tuendelee.

1. Tuanzie nyumbani

Naanza na langu. Nilipomaliza masomo ya falsafa nilirudi likizo nyumbani Lingeka. Ilikuwa kiangazi, pamba imeshauzwa, kazi za shamba zimepungua. Nilitamani sana kukaa na mzee. Lakini kiukweli maneno yalituishia siku ya kwanza. Yeye: "Masomo vipi?" Mimi: "Mazuri, Baba." Mimi: "Pamba vipi?" Yeye: "Tumepata kidogo." Basi. Yeye anarudi kwenye redio yake, mimi kwenye simu yangu.

Baba yangu aliishia darasa la saba. Mimi nina shahada. Hakuna aliyelitaja hilo, lakini lilikuwa limekaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga. Niliona kabisa kwamba akitaka kuniambia jambo anaanza, halafu anaacha, kana kwamba anaogopa nitamsahihisha. Iliniuma, na sikujua nifanye nini.

Usiku wa siku ya nne kicheche aliingia kwenye banda bovu akaua kuku saba. Asubuhi mzee alisimama akayatazama manyoya, hakulalamika. Akasema tu: "Chukua msumeno. Tujenge la maana."

2. Huyo ni fundi wa wapi?

Kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo, Baba alipigilia kigingi kwenye kona akafunga kamba mbili, moja kila upande. Upande mmoja akapima futi 3 akaweka alama. Upande wa pili futi 4, akaweka alama. Halafu akasogeza kamba taratibu mpaka umbali kati ya alama mbili ukawa futi 5 kamili. "Sasa kona imenyooka," akasema.

Nikamwambia, "Baba, hii ni Pythagoras!"

Akaniuliza, "Huyo ni fundi wa wapi?"

Tulicheka wote wawili, na sikumbuki mara ya mwisho tulicheka pamoja ilikuwa lini. Nikachukua kijiti nikamwandikia chini kwenye vumbi: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, ukijumlisha unapata 25, na 5 mara 5 ni 25. Akainama, akaangalia namba, akaangalia kamba yake. "Kumbe ndiyo maana haikosei," akasema.

Fikiria hapo. Yeye ameitumia kanuni ile miaka yote bila kujua sababu yake. Mimi niliijibu kwenye mtihani nikapata vema, lakini sikuwahi kunyoosha kona ya kitu chochote. Kila mmoja alikuwa na nusu.

Siku ya pili nilikata nguzo moja fupi, imepungua karibu nusu futi. Nilisubiri kukaripiwa kama zamani. Mzee akaitazama, akaiweka pembeni. "Hiyo itakuwa ya mlango." Na kweli, imo mlangoni mpaka leo.

Siku ya tatu tunapigilia fito za sakafu, tukiacha nafasi ili mbolea ya kuku idondoke chini. Yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Akiwa ameshika msumari, bila kunitazama, akasema: "Siku ile ulipoondoka kwenda seminari, niliwahi shambani alfajiri. Sikutaka unione."

Miaka yote ile niliamini kwamba hakujali, ndiyo maana hakuja kuniaga. Sikuwa na jibu. Nilimpa msumari mwingine tu, naye akaendelea kugonga.

Kwa desturi zetu mtoto hamkazii macho baba yake, na baba naye hapendi kuonekana akilegea. Ukiwakalisha uso kwa uso na kuwaambia "haya, zungumzeni", kila mmoja anatafuta pa kutokea. Lakini mkiinamia kazi moja, macho yanapata pa kukaa, na moyo unapata nafasi ya kusema.

3. Nazareti kulikuwa na kazi

Sasa tuangalie Neno la Mungu. Luka anatuambia kwamba baada ya kupatikana hekaluni, Yesu alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii, akaendelea kukua. Baada ya hapo, kimya. Tunakutana naye tena akiwa na umri wa miaka kama 30 (Lk 3:23). Alifanya nini miaka yote hiyo? Watu wa kijiji chake wanatupa jibu bila kukusudia. Katika Mathayo 13:55 wanamwita mwana wa seremala. Katika Marko 6:3 wanamwita yeye mwenyewe seremala. Neno la Kigiriki lililotumika hapo, tektoni, lina maana pana kuliko fundi wa meza na viti: ni fundi mjenzi, mtu wa mbao na wa ujenzi kwa jumla. Na mapokeo ya Kiyahudi yalihesabu kumfundisha mwana kazi ya mikono kuwa ni moja ya wajibu wa baba.

Kwa hiyo kabla Yesu hajafungua mdomo kuhubiri, alishika vifaa akiwa kando ya Yosefu. Katika Injili zote nne hakuna hata neno moja lililoandikwa kutoka kinywani mwa Yosefu. Lakini ufundi wake tunaujua, kwa sababu Mwana aliujua.

Ndipo Yohane 5:19-20 inakuwa na ladha mpya. Yesu anasema kwamba Mwana hafanyi kitu kwa nafsi yake ila kile anachomwona Baba akikifanya, na kwamba Baba anampenda Mwana na kumwonyesha yote. Hapo anamzungumzia Baba wa mbinguni, hilo tusilichanganye. Ila wapo wataalamu wa Biblia wanaoona kwamba mfano huo umetoka kwenye karakana: kijana anamtazama baba yake, baba hamfichi siri ya ufundi. Tazama mpangilio wake: baba anapenda, kwa hiyo anaonyesha. Kumwonyesha mtoto kazi ni tendo la upendo.

4. Falsafa kidogo, msikimbie

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba kuna mambo tunayajifunza kwa kuyatenda: mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga, na vivyo hivyo anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki. Uvumilivu hauingii kwa kuhubiriwa. Unaingia pale msumari unapopinda mara ya tatu na wewe unaunyoosha badala ya kuutupa.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliongeza jambo zito katika waraka wake Laborem Exercens, wa tarehe 14 Septemba 1981. Anasema kazi ina pande mbili. Kuna kile kinachotengenezwa, na kuna mtu anayetengeneza. Huyu wa pili ndiye mkubwa: kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Ukiliweka hilo kwenye banda letu, utaona kwamba kwa siku tano tulijenga vitu viwili. Banda la kuku ndilo lililoonekana.

5. Kutumwa na kujenga pamoja ni vitu viwili

Hapa lazima tuwe wakweli. Mtu wa kwetu anaweza kusema: "Sisi tunafanya kazi na watoto kila siku! Wanachunga ng'ombe, wanapalilia, wanachuma pamba." Ni kweli, na kazi hiyo ni heshima. Lakini mtoto anaweza kufanya kazi ya nyumbani miaka kumi na asiwe karibu na mzazi wake hata kidogo, kwa sababu alikuwa anatumwa tu. Jipime kwa maswali matatu:

- Je, mtoto anajua kitu hiki kinajengwa kwa nini, na anaulizwa maoni yake?
- Je, anaruhusiwa kukosea? Nguzo fupi inapata mlango wake, au inapata kofi?
- Kikiisha, kinaitwa "changu" au "chetu"?

Na kazi isimnyang'anye mtoto shule wala michezo. Mtakatifu Paulo anawaonya wazazi wasiwachokoze watoto wao hadi wakakata tamaa (Kol 3:21). Kazi nayo inaweza kutumika kumvunja mtoto moyo. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, anawakumbusha wazazi kwamba swali kubwa si mtoto yuko wapi kwa mwili, bali yuko wapi kwa moyo wake, malengo yake na ndoto zake. Unaweza kuwa na mtoto shambani kutwa nzima na usijue moyo wake uko wapi.

6. Ufanye nini wewe?

Kwanza, usisubiri mzazi aanze. Wengi wao hawajui waanzie wapi, na wanatuonea aibu sisi tuliosoma. Omba ufundishwe: "Mama, nionyeshe unavyotengeneza jiko la udongo." "Baba, nataka nijue kufyatua matofali." Mzazi anayeombwa ujuzi wake anarudishiwa heshima yake. Kufanya hivyo ni kuishi amri ya nne.

Pili, chagueni kitu kidogo chenye mwisho: kigoda, banda la kuku, kichanja cha vyombo, ukuta wa kukandika upya. Mkianza na nyumba nzima mtaishia kugombana kuhusu pesa.

Tatu, acha simu ndani. Zima hata redio kidogo.

Nne, kama una mdogo wako anayetengeneza gari la waya lenye matairi ya soli za kandambili, kaa chini umshikie waya. Kesho wewe ndiye mzazi, na mazoezi yanaanza leo.

Najua kuna msomaji anayesema, "Mimi sina baba," au "baba yangu hashikiki." Ndugu yangu, Yosefu hakumzaa Yesu kwa mwili, lakini alikuwa baba kweli. Katika barua yake Patris Corde ya tarehe 8 Desemba 2020, Papa Fransisko anaeleza kwamba mtu haitwi baba kwa sababu tu ameleta mtoto duniani, bali kwa kumtunza. Bibi, mjomba, dada mkubwa, katekista, fundi wa mtaani: yupo ambaye Mungu amemweka karibu nawe. Na kama nyumbani kuna kipigo, huna deni la kuvumilia kimya. Ongea na padre wako au mtu mzima unayemwamini.

Maswali ya kutafakari

- Ni jambo gani mzazi wangu anaweza kulifanya kwa mikono yake ambalo sijawahi kumwomba anifundishe?
- Kuna tafsiri mbaya ninayoibeba kumhusu, kama mimi nilivyobeba ile ya siku ya kuondoka?
- Elimu yangu imenisogeza karibu na wazazi wangu, au imenipandisha juu yao?

Zoezi la wiki

Kabla ya Jumapili ijayo, tengeneza au karabati kitu kimoja pamoja na mzazi au mlezi wako. Hata mguu wa kiti unatosha. Usipange cha kuongea.

Tusali

Ee Mtakatifu Yosefu, uliyemwonyesha Mwana wa Mungu namna ya kushika vifaa, utuombee. Uwasaidie wazazi wetu watuonyeshe wanachokijua, nasi tupate unyenyekevu wa kuuliza. Pale tulipoacha kuzungumza, utupatie kazi ya kufanya pamoja, na katika kazi hiyo tumkute Mwanao. Amina.

Likizo ilipoisha, mzee alinisindikiza mpaka barabarani, akasubiri na mimi mpaka gari likaja. Safari hii hakwenda shambani.

Tumsifu Yesu Kristo!