Stoo ya Kikundi Ikiingiliwa

Asubuhi moja mnafika stoo, kufuli iko sawa, lakini skurubu za komeo zimelegezwa na gunia la mbele limegeuzwa. Kuna mtu ameingia. Tumeona kwamba kinachofuata ndicho huvunja kikundi, si wizi wenyewe: mwenye ufunguo anaanza kutazamwa vibaya, ama jina la kijana fulani linatajwa na watu wanaokota mawe.

Basi msiingie, wala msifagie. Nyayo zikishakanyagwa, polisi wataona nini? Mmoja abaki mlangoni, mwingine amwite mzee wa kijiji, kisha ripoti ipelekwe kituoni. Msiondoke huko bila nambari ya OB. Polisi wakishaangalia, fungueni daftari la stoo mhesabu gunia kwa gunia mbele ya mashahidi. (Kama daftari halijaandikwa tangu mavuno, hapo sasa mna shida nyingine!)

Mahindi yakiwa na harufu ya dawa msiyoijua, msisage. Yawekeni kando mpaka afisa wa kilimo ayaone.

Naye mwenye ufunguo aeleze akiwa ameketi kama wengine, katibu akiandika. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilikuwa karibu kumfukuza mama wa watu. Kumbe ni fundi wa mabati, alirudi jioni kuchukua msumeno wake.