Ugonjwa wa Moyo wa Ukoo: Tulichorithi na Tunachoweza Kufanya



Mtu akifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, msibani hapa Songea hukosi kusikia mnong'ono: "Ndivyo walivyo hao. Babu yake alikwenda hivyo, baba yake hivyo hivyo." Wapo wanaoanza kumtafuta mchawi. Watoto wa marehemu hukaa kimya na kuhesabu miaka yao. Somo hili ni kwa ajili yao kwanza.

1. Urithi upo

Tusidanganyane: hatari ya ugonjwa wa moyo hurithiwa. Vinasaba tulivyopewa na wazazi huchangia kiasi cha lehemu katika damu, presha, na jinsi mishipa inavyozeeka. Kwa wengi si kinasaba kimoja, bali ni vingi, kila kimoja kikiongeza hatari kidogo. Ndiyo maana daktari huuliza: je, baba au kaka yako aliugua moyo kabla ya miaka 55? Mama au dada kabla ya miaka 65? Jibu likiwa ndiyo, hatari yako ni kubwa kuliko ya wenzako.

2. Lakini hatari si hukumu

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 55,000, wengi wao wa Marekani na Sweden. Miongoni mwa waliorithi hatari kubwa, wale walioishi vizuri, yaani bila sigara, bila unene uliopitiliza, kwa mazoezi na chakula bora, walipata ugonjwa wa moyo karibu nusu tu ya wenzao wenye mazoea mabaya. Mwaka 2018, utafiti mwingine wa Uingereza ulionyesha jambo kama hilo: kati ya wenye urithi mbaya, waliokuwa na pumzi na stamina nzuri walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 49 kuliko waliokuwa dhaifu.

Ni kweli kwamba mwenye afya huweza kutembea zaidi kwa sababu tayari ana afya, tena wengi wa watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Basi tutazame nyumbani.

3. Mioyo ya Wamasai

Miaka ya 1960, daktari George Mann kutoka Marekani na wenzake waliwachunguza Wamasai wa Tanganyika. Walikuta watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, lakini ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra. Mwaka 1972 walitoa matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa inayolisha moyo zilikuwa zimenenepa sawa na za wazee wa Kimarekani! Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na damu ilikuwa na nafasi ya kupita. Watafiti walidhani kwamba ukakamavu wa mwili ndio ulioipanua.

Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2010 ulipima nguvu ambazo mwili hutumia kwa shughuli za siku. Wamasai walitumia wastani wa kalori 2,565, wakulima wa vijijini 1,500, na watu wa mjini 891. Na Wamasai, pamoja na mafuta wanayokula, walikuwa na hali nzuri zaidi ya lehemu katika damu.

4. Mazoezi hufanya nini?

Hayabadilishi vinasaba ulivyozaliwa navyo. Hubadilisha mazingira ambamo vinasaba hivyo vinafanya kazi. Presha hushuka, sukari hutumika vizuri, mishipa hubaki laini, na moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache.

5. Mipaka yake

Mazoezi hayafuti urithi. Zipo familia zenye lehemu ya juu mno tangu utotoni, ambapo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Hao wanahitaji dawa pia. Na kama umewahi kuzimia uwanjani, au ndugu yako alifariki ghafla akiwa kijana, usianze mazoezi makali kabla ya kupimwa. Ikibidi, daktari atakupa rufaa hadi kwa mabingwa, kama wale wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

6. Sisi wa Songea

Wazazi wetu walikwenda shambani kwa miguu, na leo hata dukani tunapanda bodaboda. Nanyi waseminari, leo mnalima na kucheza mpira. Baada ya upadrisho litakuja gari la parokia, na kila nyumba mtakayoitembelea itawaandalia soda na wali. Vinasaba vyenu vitakuwa vilevile, ila ngao itakuwa imeondoka.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki: nusu saa, siku tano. Tembea haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba. Nenda jumuiya kwa miguu. Shika jembe.

7. Tafakari

Katika Ezekieli sura ya 18, watu walilalamika kwamba baba walikula zabibu chungu na watoto ndio wakapata ganzi ya meno. Mungu aliikataa methali hiyo. Nabii alisema juu ya dhambi, si ugonjwa, lakini nasi tunaweza kujifunza kutokujificha nyuma ya ukoo. Katekisimu nayo (2288-2289) inatufundisha kuutunza mwili kama zawadi, bila kuuabudu.

Maswali ya kujiuliza:
- Je, ninajua wazazi na ndugu zangu waliugua nini, na wakiwa na umri gani?
- Presha yangu ilipimwa lini mara ya mwisho?
- Wiki hii nimetembea dakika ngapi?