Mtoto Anapotapika: Matumizi Salama ya Dawa za Kuzuia Kutapika Nyumbani

Kutapika ni tendo linaloamriwa na ubongo, si na tumbo peke yake. Chini kabisa ya ubongo, mahali unapoungana na uti wa mgongo, kuna kituo kinachopokea taarifa kutoka kwenye utumbo, kutoka sikio la ndani ambalo hutunza mizani ya mwili, na kutoka kwenye damu yenyewe, na kituo hicho kikichokozwa vya kutosha huiamuru misuli ya tumbo kukisukuma juu kilichomo. Ndiyo maana mtoto hutapika kwa sababu zilizo mbali sana na tumbo, kama vile malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya uti wa mgongo, au mafuta ya taa aliyoyanywa akidhani ni maji (na huyu wa mwisho asitapishwe kwa makusudi, kwa kuwa mafuta hayo yakipanda huweza kuingia mapafuni). Dawa ya kuzuia kutapika hukinyamazisha kituo hicho, lakini haiugusi ugonjwa uliokichokoza, hivyo mtoto anaweza kuonekana ametulia huku maradhi yakiendelea ndani.

Kwa watoto wa chini ya miaka 5 sababu ya kawaida ni maambukizi ya tumbo yanayoletwa na virusi, na kirusi kilichojulikana zaidi kwa ukali wake ni rota, ambacho chanjo yake hutolewa kwa watoto wote wachanga nchini Tanzania tangu 2013 na nchini Kenya tangu 2014. Kutapika kwa namna hii kwa kawaida hupungua kwenyewe baada ya siku moja au mbili, na kinachomdhuru mtoto ni upungufu wa maji mwilini, yaani hali ambayo maji na chumvi zinazotoka ni nyingi kuliko zinazoingia. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), yanayochanganywa kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti husika, kwa kuwa zipo za lita 1 na zipo ndogo zaidi, na anayeikoroga ya lita 1 ndani ya kikombe humnywesha mtoto chumvi kali badala ya tiba. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 humwagwa.

Malalamiko ya walezi wengi ni kwamba mtoto huyatapika hata hayo maji ya ORS. Mara nyingi sababu ni kikombe: mtoto mwenye kiu hupewa kikombe kizima, hukigugumia, na tumbo lililochafuka hukirudisha chote. Akitapika, husubiriwa dakika 10, kisha huanzwa upya kwa kijiko, polepole, huku anayenyonya akiendelea kunyonya. Kijiko cha mililita 5 kila baada ya dakika 2 huonekana kidogo mno machoni pa mama aliyekesha, lakini kwa saa moja huwa kimefikisha mililita 150, na sehemu kubwa yake huwa imekwisha kufyonzwa hata kama mtoto atatapika tena. Mtoto anayeharisha huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Dawa zenyewe za kuzuia kutapika hazifanani, na kosa kubwa la majumbani ni kuzihesabu zote kuwa kitu kimoja. Promethazini, ambayo wengi huijua kama sharubati ya kuzuia kutapika safarini, hulevya na kuleta usingizi mzito, na kwa watoto wadogo imewahi kupunguza upumuaji hadi kusababisha vifo; ni kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali mwaka 2004 kwamba isitolewe kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Kumpa mtoto dawa hiyo ili alale kwenye basi au boti ya Unguja ni matumizi mabaya yasiyo na udhuru, tena watoto wa umri huo ni nadra kusumbuliwa na safari.

Metoklopramidi inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu madhara yake huchanganywa na mambo mengine. Huweza kuikaza misuli bila hiari: shingo hupinda upande mmoja, macho hugeukia juu na kubaki huko, ulimi hutoka nje, na yote haya hutokea mtoto akiwa na fahamu zake, jambo linaloitofautisha hali hiyo na degedege. Familia inayoyaona hayo usiku huenda ikadhani mtoto amepatwa na pepo na kuanza kutafuta tiba isiyohusika, ilhali hospitalini kuna dawa inayoilegeza misuli hiyo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua mwaka 2013 kwamba isitumike kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, na kwa wakubwa zaidi iwe chaguo la pili katika hali chache za hospitalini. Kipimo chake ni miligramu 0.1 hadi 0.15 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtoto wa kilo 10 hustahili miligramu 1 hadi 1.5 tu kwa mara moja. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 10, na mlezi anayekivunja nusu kwa nia njema huwa amempa zaidi ya mara tatu ya kipimo.

Ondansetroni ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa mtoto wa kuanzia miezi 6 mwenye maambukizi ya tumbo, kwani dozi moja ya kunywa humwezesha kuipokea ORS. Hata hivyo huweza kuongeza kuharisha na kuathiri mapigo ya moyo, hasa ikikutana na dawa nyingine zenye athari kama hiyo, ikiwemo dawa mseto ya malaria, hivyo hutolewa na mtaalamu baada ya kumpima mtoto.

Anayekwenda duka la dawa muhimu aende na kadi ya kliniki, kwa kuwa kipimo hutokana na uzito na si kwa kukisia umri, na aeleze dawa zote ambazo mtoto anatumia, maana sharubati nyingi za mafua nazo huleta usingizi na zikichanganywa na promethazini huuzidisha. Dawa ya maji hupimwa kwa bomba la kunyweshea lisilo na sindano au kwa kikombe chenye alama; vijiko vya jikoni hutofautiana ujazo hata ndani ya kabati moja. Mtoto akitapika dawa mseto kabla ya saa moja kupita, dozi hurudiwa, lakini dawa ya kuzuia kutapika hairudiwi bila ushauri.

Yapo matapishi yasiyongojewa. Kwa mtoto mchanga, matapishi ya kijani hayapaswi kupuuzwa kwa kusemwa kuwa ni nyongo tu, kwani huenda utumbo umejisokota na kuziba, na hilo ni jambo la upasuaji wa haraka. Vivyo hivyo hupelekwa hospitali mara moja mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au kunyonya, mwenye damu katika matapishi, shingo ngumu, utosi uliobonyea au uliovimba, degedege, tumbo lililojaa na kukaza, au aliyekaa saa nyingi bila mkojo. Chupa au pakiti ya dawa yoyote aliyokwisha kupewa ibebwe pamoja na kadi, kwa kuwa tabibu anayemkuta mtoto amelala fofofo hana njia nyingine ya haraka ya kujua kama usingizi huo ni wa ugonjwa au ni wa dawa.