Mawimbi Yanapopotea Njiani

Sisi wa Kizingo twajua upepo wa bahari ni mtamu, lakini chumvi yake haina huruma. Hula madirisha, hula baiskeli, na waya wa antena hula pia bila kubisha hodi.

Nyumbani kwetu picha ya televisheni ilianza kuganda na kuvunjika vipande. Fundi aliupima waya kwa mita, akasema, "Mzima huu! Nunueni king'amuzi kipya." Baba alikuwa keshaigusa pesa ya karo. Nyanya akamwambia, "Ngoja mwanangu, haraka haraka haina baraka."

Je, mita ilidanganya? La hasha! Mita hupitisha umeme mdogo usiobadilika; ukifika upande wa pili, basi waya haukukatika. Lakini mawimbi ya televisheni hutetema mamilioni ya mara kwa sekunde, na yana njia tatu za kupotea. Kwanza, kila hatua ya waya humeza kidogo. Pili, maji yakiingia katika plastiki inayotenga shaba ya kati na wavu wa nje, hasara huzidi. Tatu, waya huu una kipimo chake, omu 75. Ukiungwa kwa kusokotwa, kipimo hubadilika pale, na sehemu ya wimbi hurudi ilikotoka kama mwangwi.

Basi tukapandisha televisheni na king'amuzi paani, tukaviunga na antena kwa waya mfupi mpya. Lo, picha safi! Mkosaji alikuwa ni waya. Tulipofungua kiungo cha juu, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tukatia waya mmoja usio na kiungo, tukaziba mdomo wake wa juu, tukaulegeza kidogo nje ya dirisha ili maji yadondoke huko huko. Karo ikasalimika.

Mwangwi huo una faida pia. Tarehe 25 Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa intaneti wa TEAMS baharini, hapa karibu na Mombasa. Kutafuta mkato wa namna hiyo, mafundi hutuma mwale mfupi wa nuru, wakangoja urudi. Ndani ya waya wa kioo nuru huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, mkato u kilomita 100 mbali, kwani imekwenda na kurudi.

Ndugu zangu, kabla ya kutupa chombo, ichunguzeni njia yake kipande kwa kipande.