Dondoo Muhimu: Utulivu wa Nyoyo katika Familia za Shule za Msingi, Karatu na Ngorongoro

Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia wilayani Karatu, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Na msiba ule mzito watukumbusha kwamba jeraha la moyo, sawa na la mwili, lahitaji tiba na subira.

• Msimfiche mtoto mauti. Aambiwe ukweli kwa maneno mepesi, kwani aliyeambiwa kuwa marehemu "amesafiri" huingiwa na hofu kila aonapo mzazi akishika mkoba.

• Zitambueni dalili. Mtoto aumwaye tumbo kila asubuhi ya shule, au aliyerudia kukojoa kitandani, asichapwe wala asitahayarishwe. Mzazi na mwalimu washauriane faraghani.

• Faraja kwa waliohama. Kwa familia zilizotoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, kuanzia Juni 2022, mtoto aruhusiwe kuwataja rafiki aliowaacha, na ikiwezekana azungumze nao kwa simu.

• Mlezi naye ajihurumie. Akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, aende zahanati bila kuona haya, na majirani wamsaidie kuteka maji na kuchunga mifugo.

• Ombeni msaada mapema. Mtoto aliye taabuni, au yeyote amwoneaye imani, apige 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.